Sahani ya Kombe na Mgeni wa Kichina

Naikumbuka Alhamisi ile, mwanangu, kama mtu anavyokumbuka jino lililomuuma. Nilikuwa kijana, sijaolewa, karani katika ofisi moja ya Nizwa, huku Omani, na kila mwisho wa wiki nikirudi Ibra kwa mama yangu. Siku hiyo nikamkuta sebuleni na Mchina, wanakunywa kahawa, hawana hata neno moja la kuzungumza, wanachekeana tu. Moyo wangu ukafunga kufuli papo hapo.

Alikuwa msanii, jina lake Wei. Mababu zake walizunguka mitaani wakiunga vyombo vilivyovunjika kwa pini ndogo za shaba. Yeye kauchukua ufundi ule ule, ila vyombo akishaviunga anavitundika kwenye kuta za chuma zenye taa ndani, watu waje waangalie. Jirani ndiye aliyemleta kwetu, kwa sababu mama alikuwa na sahani ya Kichina ya babu yangu, aliyokuja nayo kutoka Unguja. Babu akiandikia kombe humo: aya kwa zaafarani, zinakoshwa kwa marashi, mgonjwa anakunywa. Ilivunjika vipande vitatu siku tulipohama nyumba, na mama akavifunga ndani ya kanga, hakuvitupa.

Mimi ndiye niliyekuwa na Kiingereza, nikawa mkalimani.

"Anasema ataiunga, ataionyesha Nizwa, kisha ataturejeshea."

"Mwambie nampa kwa moyo mmoja," akasema mama. "Na wewe n'takufungia vipande, umpelekee karakana yake huko Firq. Si njiani kwako?"

Mimi, mwanangu, nina ugonjwa wa kushuku tangu utotoni. Mtu akinipa tende naipasua kwanza nione kama ina mdudu. (Na mara nyingi anakuwamo, usinicheke.) Nikajiuliza, mtu atoke China, nchi ya masahani, aje kuomba sahani Ibra? Tena nilimwona akigeuza kipande na kuipiga picha alama ya chini, mara moja, mara mbili, mara tatu. Nikasema huyu atabaki na ya babu, atuletee ya bandia.

Basi nikamtangulia. Jumamosi nilinunua Firq sahani ya dukani yenye mawaridi ya buluu, nikaivunja kwa kisigino cha kiatu, nikampelekea vipande vile vimefungwa vizuri. Vya babu nikavificha ofisini, kwenye mtoto wa meza, nikatia ufunguo. Wei alifungua kitambaa, akatazama kwa muda mrefu, kisha akanitazama na mimi. Akainamisha kichwa, akasema ahsante. Nikazidi kumshuku: mbona anashukuru bila kuuliza?

Siku ya maonyesho nilimwambia mama kuna joto, asijisumbue. Akaja, kaletwa na jirani, kavaa buibui lake jipya. Wei alikuwa ameitundika ile sahani katikati ya ukuta, na chini yake jina la mama kwa Kiarabu. Mama akavaa miwani, akasogea.

"Hii siyo sahani yangu."

Halafu akanigeukia mimi, siyo Mchina. Mama anamjua mwanawe. Nikamwambia yote hapo hapo kwa Kiswahili, na Wei kasimama baina yetu haelewi.

"Mgeni kaingia nyumbani kwangu, nimempa amana kwa mkono wangu," mama akasema taratibu, na ile taratibu yake iliniuma kuliko kofi. "Sasa wallahi ananiona mimi mwongo. Mwambie! Mwambie hivi: 'Mama yangu alitoa kwa moyo safi, mimi mwanawe ndiye niliyebadilisha.'"

Kabla sijafungua mdomo, Wei alisema kwa Kiingereza chake cha kukatikakatika: "Nilijua tangu siku ile. Mwambie mama si vibaya. Ni kitu cha baba yake, aliogopa kukitoa. Na hii nimeiunga kwa moyo."

Neno moja tu lilitakiwa, mwanangu, "mimi", nami nikaona haya kulitamka. Nikamwambia Wei, "Mama anashukuru sana." Nikamgeukia mama, nikasema, "Nimemwambia. Kasamehe."

Mama akafurahi, akamwombea dua mbele ya watu. Wei akaondoka siku ya pili akiamini kwamba bibi aliyemkaribisha kahawa ndiye aliyemlaghai. Sahani ya babu ikarudi ndani ya kanga, haikuungwa mpaka leo. Na mama aliishi miaka mingi, akiwaambia wageni: "Binti yangu alikosa, lakini ana ujasiri, alikiri mbele ya mtu." Amekufa akinisifu kwa neno nisilolisema, nami nilikuwa nikikaa pale pale, nikimimina kahawa.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu mimi naitembea mpaka leo.

Sikuambii usishuku. Dunia ina wezi, na shaka humlinda mtu. Lakini ukimshuku mtu muulize usoni pake, usimtegee. Kisha jipekue na wewe, maana kikulacho ki nguoni mwako. Nilimwogopa Mchina asituletee bandia, na aliyeleta bandia ni mimi. Na ukikosa, ungama siku ile ile kwa yule uliyemkosea, kwani akishapanda ndege humpati.

Mungu akuhifadhi, mwanangu, akupe ulimi usioogopa haki, na wazazi wako wakusifu kwa jambo ulilolitenda kweli. Amin.