Posita wa Kikima

Jirani yangu ana binti anayedundisha mpira wa vikapu uani kila jioni. Wapangaji wengine hulalamika. Mimi hutulia nikasikiliza, maana mdundo ule ni mchi wa mama yangu hasa, akitwanga mahindi kuyatoa maganda apike muthokoi, na papo hapo nanusa vumbi jekundu la kwetu Kikima.

Dada yangu Mueni alichezea timu ya sekondari, miaka ile ya themanini nilipokuwa darasa la tatu. Uwanja ulikuwa udongo mtupu kando ya soko, na mechi zilichezwa siku ya soko, kwa hivyo mashabiki walikuja na kuku wao mkononi. Mueni alikuwa mrefu, mwepesi, na alimwona mwenzake hata akiwa nyuma yake. Alimrushia rafiki yake Kavata mpira, Kavata akafunga. Yeye mwenyewe hakujaribu kufunga kamwe.

Mzee Musyoka mwenye bucha, ambaye mdomo wake haukuhitaji kipaza sauti, akambandika jina la posta, kwa matamshi ya kwetu.

"Posita! Kazi yako ni kupelekea watu tu? Mbarua yetu iko wapi?"

Uwanja mzima ukacheka, na tangu hapo kila pasi ya Mueni ilijibiwa "Posita!", hata timu iliposhinda. Nyumbani akakataa chakula. Akasema Jumamosi ijayo ndiyo ya mwisho, kisha atamrudishia mwalimu viatu vya timu. Nililia kuliko yeye. Dada wa kujivunia nilikuwa naye huyo huyo.

Katikati ya wiki kulikuwa na mwethya, ile kazi yetu ya pamoja. Akina mama walikuwa wakijenga ukuta wa bwawa, na mimi niliwapelekea maji ya kunywa. Walijipanga kutoka mtoni, mawe yakapita mkono kwa mkono, wakiimba kwamba kidole kimoja hakivunji chawa.

Jumamosi ikafika. Mueni alipotoa pasi ya kwanza tu, "Posita!" Sijui nilipandwa na nini. Nilirukia gunia la maharagwe la mtu nikapaza sauti.

"Mzee Musyoka! Kwa mwethya bibi yako alisimama katikati ya laini. Hakuweka jiwe hata moja kwa ukuta! Mbona yeye humwiti Posita?"

Kwetu, kumjibu mzee mbele ya watu ni kujitafutia fimbo, na nilimwona mama akinijia. Lakini mke wa mzee alimfikia mumewe kwanza.

"Baba Nzioka, ati mimi sikufanya kazi? Na huu mgongo unaniuma bure?"

"Si mimi nimesema! Ni huyo mtoto!"

"Mtoto amesema ukweli. Mawe yote yalipitia kwangu."

Watu wakaangua kicheko, na safari hii hakikuwa cha kumcheka Mueni. Mama alinifinya sikio, lakini kidogo tu, ili majirani waone.

Sema utakalo, Mzee Musyoka hakuwa na kinyongo. Punde si punde alikuwa akipiga kelele kuliko wote: "Mwethya! Pitisha jiwe!" Mwishoni, tukiwa nyuma kwa pointi moja, Mueni akajikuta peke yake chini ya kikapu, mpira mkononi. "Pitisha!" akalia mzee, somo limemkolea kupita kiasi. Mueni akarusha. Mpira ukazunguka ringi, ukatoka nje.

Nilifumba macho nikingoja matusi.

"Si neno, Mueni!" Ilikuwa sauti ya mwenye bucha. "Jiwe likianguka huokotwa!"

Kavata akaudaka mpira, akafunga. Viatu havikurudishwa.

Kwa miaka mingi nilijisifu kwamba hoja yangu ndiyo iliyomwokoa. Juzi, tukichambua maharagwe kwake, Mueni alinicheka.

"Ati mwethya! Mimi nilikuwa naogopa tu. Ningerusha nikose, soko lote lingenizomea."

Kumbe pasi zile nilizozipigania zilikuwa na woga ndani yake, na waliomcheka kwa kutofunga ndio hao hao waliomtia woga. Nikamuuliza, basi siku ile alirusha kwa nini.

"Nilikuona juu ya gunia," akasema. "Nikajua hata nikikosa, kuna mmoja hatanizomea."