Mwaka wa Kuchagua Harudi

Wiki iliyopita nilipeleka simu yangu kwa fundi. Alipogusisha ncha ya moto kwenye waya, ule moshi mwembamba wa risasi ya kuchomelea ulinijia puani nikasahau kabisa nimefuata nini. Nilikuwa tena na miaka kumi, nimekaa kwenye benchi la fundi redio pale Kashaulili, mjini Mpanda, magoti yamejaa vumbi, naomba nisife kabla ya ghorofa ya tatu.

Mnivumilie kidogo. Kisa hiki nimekisimulia mara chache, na kila mara yupo aliyesema najisifu. Ni kweli najisifu, na leo nitajisifu zaidi.

Fundi mwenyewe tulimwita Baba Rehema, kwa jina la binti yake niliyesoma naye darasa la nne. Kibanda chake kilijaa redio na pasi ambazo watu walizileta zitengenezwe kisha wakazisahau. Kati ya vitu hivyo kulikuwa na mashine ya gemu, mali ya mchimba dhahabu mmoja aliyehamia machimbo mengine bila kuaga. Baba Rehema aliifufua, akaiunganisha na televisheni ndogo iliyokuwa ikikata picha pembeni, na kila Jumamosi umeme ukiwepo alituruhusu tucheze, mradi tusiguse meza yake. Sisi wenyewe tulikuwa na sheria moja tu: ukifa, unampisha mwenzako.

Kaseti ya gemu ilikuwa moja. Ndani yake kijana mwenye mkanda mweusi alipanda jengo la ghorofa tano, na kila ghorofa ilikuwa na mtu anayemsubiri kwa ubaya. Wa kwanza alikuwa na fimbo. Wa pili alirusha visu. Wa tano, juu kabisa, alivaa koti jeupe refu, na huyo tulimbatiza Bwana Afya, kwa heshima ya yule afisa aliyekuwa akipita mtaani kwetu Kawajense kukagua vyoo. Afisa huyo akionekana tu mwanzo wa mtaa, kina mama walikimbilia mafagio. Bwana Afya wa kwenye gemu alikuwa mbaya zaidi, maana alikuua kwa mateke mawili na hakukupa nafasi ya kwenda kutafuta fagio.

Kabla ya kuanza, kioo kilionyesha maneno matatu ya Kizungu: EASY, NORMAL, HARD. Tulikuwa ndio kwanza tunafundishwa kusema kwa Kizungu hiki ni kitabu na kile ni kiti, kwa hiyo maneno yale tulimwachia Rehema, aliyekuwa akiongoza darasa zima kwa kusoma. Aliyatazama mawili ya mwanzo akatikisa kichwa. La tatu alilishika kwa kidole.

"Hii ni Harudi," alisema. "Herufi zingine zimekatwa na kioo."

Ikaeleweka mara moja. Ukichagua Harudi, adui ukishamuua harudi. Sasa niambieni, nani mwenye akili zake angechagua adui anayerudi? Mimi nilitamka "Haludi", kwa sababu baba yangu alihamia Mpanda na ng'ombe wake kutoka Usukumani, na nyumbani kwetu herufi R ilikuwa mgeni. Wenzangu walinicheka, lakini hata wao walichagua Harudi kila Jumamosi kwa mwaka mzima. Na kweli, kila tuliyemuua hakurudi.

Kazi ilikuwa kumuua. Yule wa fimbo pekee alinimaliza kwa miezi miwili, hadi nilipogundua kwamba kabla ya kupiga hushusha bega la kushoto. Wa visu alirusha viwili haraka, akatulia, halafu cha tatu kikaja chini kwenye miguu. Nilifanya mazoezi ya kukiruka hicho cha tatu uani kwetu, ndoo ya maji ikinisubiri, na mama akanikuta siku moja narukaruka peke yangu. "Kabula, umekanyaga siafu?" aliniuliza. Nikakubali ni siafu, maana ukweli ungechukua muda mrefu kuueleza.

Baada ya mwaka nilikuwa nafika kwa Bwana Afya mara kwa mara, na hakuna mwingine aliyefika huko. Lakini kila aliponiangusha nilirudi nyumbani nikijua moyoni kwamba mimi ni mzito. Niliamini watoto wa miji mingine wamekwisha kummaliza zamani na sasa wanacheza vitu vya maana.

Kisha likizo ya Desemba treni ikatuletea Shabani, mpwa wa Baba Rehema, mkubwa wangu kwa mwaka mmoja, mtoto wa Dar. Alishika pedi ya kuchezea kwa mkono mmoja huku mwingine una andazi. Alichagua neno la kwanza bila hata kuangalia, na kabla Mama Rehema hajatuita kula, Bwana Afya alikuwa chini.

"Nyie mwaka mzima mnafanya nini hapa?" Shabani alisema. "Hii gemu laini sana, washkaji."

Wavulana wakamshangilia kama vile wameshinda wao. Mchana ule ule alianza kupanga watu kwenye benchi, nani atacheza na nani ataangalia, na wasichana akatupeleka mwisho, upande wa kuangalia. Niliumia sana. Shuleni na mtaani nilikuwa binti wa wafugaji, yule wa kuchekwa akifungua mdomo. Kwenye benchi lile tu nilikuwa fundi, na watu waliniuliza mimi namna ya kuruka kisu cha tatu. Nikasimama.

"Tushindane," nilisema. "Ukinishinda, siludi tena hapa. Nikikushinda, unaacha kutupangia benchi letu."

"Siludi!" Shabani aliiga, akacheka hadi makombo ya andazi yakamtoka.

Baba Rehema hakuinua kichwa kutoka kwenye redio aliyokuwa akiichomelea. "Wote mcheze neno moja," alisema. "Kabula ni mwenyeji, achague yeye. Atakayefika juu zaidi ndiye mshindi."

Nikateremka hadi neno la tatu, kama kawaida yangu. Shabani akaacha kucheka.

"Ah, mjomba, hiyo hapana! Hilo neno ni 'hadi'! Hadi ni ngumu, ngumu kuliko zote. Hata mimi hiyo sijawahi."

"Si Harudi?" Rehema aliuliza kwa sauti ndogo.

"Harudi nini? Kwani nyie mnacheza hii tangu lini?"

"Tangu mwanzo," nilimjibu.

Akacheza kwa sababu watu walikuwa wanamtazama. Yule wa fimbo alishusha bega la kushoto, Shabani hakuliona, na hadithi yake iliishia hapo, ghorofa ya kwanza. Akanipisha. Bega lile nililijua kuliko nilivyojua jedwali la kuzidisha, na nilipopanda ghorofa ya pili benchi zima lilipiga kelele. Nilikuwa nimeshashinda. Shabani aliniomba pedi. Sikumpa.

Maana kulikuwa na jambo jipya kichwani mwangu. Mwaka mzima nilikuwa namvamia Bwana Afya kwa pupa na hasira, nikidhani uzito ni wangu. Siku ile nilijua ugumu ni wake. Nilipofika juu sikumkimbilia. Nilirudi nyuma nikamtazama, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba koti lake hupepea kidogo kabla ya teke. Lilipopepea, niliruka. Alipotua, nilipiga moja nikarudi nyuma. Likapepea tena. Sijui ilichukua muda gani, ila Rehema alikuwa ameng'ang'ania shingo ya gauni langu, na Bwana Afya alipoanguka uso chini Rehema alikaribia kuninyonga kwa furaha.

Nililia mbele ya wavulana wote na sikuona aibu. Benchi lilibaki letu. Shabani naye, mpeni haki yake, alikaa mwisho bila kununa, na kufikia Krismasi alikuwa ananiuliza habari za visu.

Nilikuwa na watoto wangu mwenyewe ndipo jambo moja liliponijia ghafla nikiwa naosha vyombo. Baba Rehema alitengeneza redio kwa kusoma michoro, na ile michoro ilikuwa ya Kizungu kitupu. Alikaa nyuma yetu mwaka mzima akitusikia tukiita Harudi. Nilikasirika, nawaambia ukweli. Nilizikumbuka Jumamosi zote nilizorudi nyumbani nikijiona mzito, wakati neno lake moja lingetosha.

Nilipokwenda Mpanda mwaka uliofuata nilipita kwake. Macho yake yamepungua nguvu, sasa anatengeneza kwa kupapasa. Nikamuuliza alijua au hakujua.

"Nilijua siku ya kwanza," alisema.

"Sasa Baba, mbona hukutuambia ni ngumu?"

Akaweka waya chini, akashangaa kwa dhati.

"Niwaambie ya nini, mwanangu, na mlikuwa mnaiweza?"