Pikapu ya Mzee Jiwa, Kutoka Nansio Hadi Kagunguli

Kwa nini kila tuliyekutana naye barabarani siku ile alitupisha? Sisemi kusogea kidogo huku mtu akinung'unika. Watu walishuka kwenye baiskeli, wakavua kofia, wakasimama majanini mpaka tukapita. Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu na nilikuwa na jibu kwa kila jambo. Hili nililiita adabu.

Safari yenyewe ilikuwa ya Mama. Dada yake, Mama Mkubwa Paskazia wa Kagunguli, kisiwani Ukerewe, alituma ujumbe kwamba macho yake yanafifia. "Mwambieni Vene aje nimwone uso kabla giza halijaingia." Lakini Mama alikuwa amewahi kuvunjika nyonga, na kutoka Nansio kwenda kule usafiri wa uhakika ulikuwa nyuma ya baiskeli. Akawa anaahirisha. Nilipopata likizo yangu ya kwanza kazini nikamwambia tutakodi gari. Ilikuwa miaka ile ya biashara huria, pikapu za mitumba kutoka Japani zikimiminika hadi visiwani.

"Na dereva?" aliuliza.

"Mimi. Si nina leseni?"

Mama alianza kutafuta rozari yake.

Asubuhi tulipanda meli bandarini Mwanza. Zawadi yetu ilikuwa godoro jipya, nililoliviringisha ndani ya shuka jeupe lisishike vumbi.

Nansio tulielekezwa kwa Mzee Jiwa, mwenye duka la vitambaa, Mhindi aliyezaliwa hapo hapo. Mama alikaribishwa kiti ndani, mimi nikapelekwa uani. Pikapu ilikuwa imeingizwa bandani, pua ikitazama ukutani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Dereva yuko wapi?"

"Ndiye mimi."

"Ahaa. Hebu litoe nje."

Injini ilizimika. Ikazimika tena. Kisha gari likaruka kinyumenyume na kulalia ndoo.

"Ndoo hukuiona?" aliuliza kwa upole.

"Sikuiona, mzee."

"Nayo haikukuona. Shuka, mwanangu, nitaligeuza mwenyewe. Lakini sikiliza. Mwendo wako uwe wa ng'ombe aliyeshiba. Kwenye mchanga usikanyage breki ghafla. Na baiskeli iliyobeba mkungu wa ndizi usiipigie honi: mwenyewe akigeuka, mkungu nao unageuka. Haya, kamlete mama."

Mama alichukua muda kuinuka na kumalizia chai. Tulipotoka gari lilikuwa limeelekea barabarani, godoro limefungwa nyuma, taa zinawaka juani, na mbele limefungwa matawi ya mchungwa.

"Majani ya nini, mzee?" niliuliza, Mama akiwa bado anachechemea nyuma yetu.

"Ah, kuna shughuli gari lilikwenda."

"Na taa?"

"Swichi mbovu, hazizimi. Nenda tu."

Mjini kwetu majani kwenye gari ni ya washangiliaji wa mpira. Sikuuliza zaidi. Mama aliletwa kutokea nyuma ya gari, akapandishwa kiti cha mbele, macho yake yote kwenye mguu, na alipokwisha kukaa aliyafumba, akaanza kusali.

Barabarani ndipo maajabu yalipoanza. Baiskeli zilitupisha. Wachunga ng'ombe waliswaga kundi zima hadi shambani. Akina mama waliobeba kuni walitua mizigo.

"Mama, watu wa kwenu wana adabu kuliko Mwanza nzima! Fumbua macho uone."

"Nikifumbua utaanza kuongea nami. Tazama mbele."

Karibu na Murutunguru, kwenye mteremko, gurudumu lilizama mchangani. Nikasahau wosia, nikakanyaga breki. Pikapu ikayumba, ikakata barabara mpaka upande usio wetu. Mbele yetu palikuwa na lori la pamba. Lilikuwa limesimama zamani, nje ya njia, limezima injini. Utingo wake aliinamisha kichwa tulipompita kwa upana wa mkono. Nilishukuru bila kujua ninamshukuru nani.

Tulipoingia uani Kagunguli, nilisikia nduru. Wanawake walikimbia kutoka kila upande, mikono kichwani. Mama Mkubwa alitoka akipapasa ukuta.

"Mmemleta nani?"

Jirani akamshika bega. "Paskazia, kaa chini kwanza. Nadhani limetoka Mwanza, kwa Vene."

Mama akatoa kichwa dirishani. "Dada! Ni mimi, Vene!"

Nduru zikazidi; mmoja akatokomea mihogoni.

"Kama wewe ni Vene," jirani aliuliza, "aliyeviringishwa sanda nyuma ni nani?"

"Godoro!"

Kicheko kilichofuata kiliwakalisha watu chini. Ndipo nikaelezwa: upande ule wa kisiwa, gari lenye matawi mbele na taa zinazowaka mchana limebeba marehemu, na hakuna anayegombea njia na marehemu. Mama Mkubwa hakuyasikiliza hayo. Alikuwa ameushika uso wa Mama kwa mikono miwili, ameugeuzia jua.

"Umezeeka, Vene."

"Wewe je?"

"Mimi sijioni."

Wakacheka mpaka wakalia.

Tulikaa hadi Jumapili. Kurudi niliyatupa matawi, na adabu yote ya kisiwa ikaisha. Baiskeli zilinichomekea, mbuzi walilala njiani, lori likanisukuma ukingoni. Niliendesha kwa mwendo wa ng'ombe aliyeshiba, na nadhani siku ile ndiyo nilijifunza udereva.

"Mzee, ulisahau majani ya msiba kwenye gari," nilimlalamikia Mzee Jiwa.

"Samahani, mwanangu. Mama alifika?"

"Alifika."

"Na amerudi?"

"Huyu hapa."

"Basi," akasema, akaendelea kukata kitambaa.

Mama Mkubwa alipofuka kabla ya mavuno yaliyofuata. Uso wa mdogo wake alikuwa ameshauweka moyoni.

Miaka mingi baadaye nilikutana Mwanza na binti wa Mzee Jiwa, baba yake akiwa ameshafariki. Nilimsimulia, naye akacheka huku akifuta machozi. Hapakuwa na mazishi wiki ile, alisema, na swichi ya taa ilikuwa nzima. Mimi nilipoingia ndani kumchukua Mama, baba yake aliitazama ile ndoo iliyolaliwa, akaomba panga, akaenda kwenye mchungwa wake nyuma ya duka.