Leo nimeshangilia ganzi ya mguu

Leo nimepiga vigelegele hospitalini kwa sababu mguu wangu hausikii kitu. Ngojeni nieleze.

Wiki tatu mguu wa kulia umelegea, patipati inanitoka njiani. Nikasoma kwa simu kuhusu ugonjwa unaoua neva za kusogeza misuli, hata kwa vijana. Nina miaka ishirini na nne tu! Nikagawa nguo zangu.

Leo daktari Homa Bay akapima ulimi, mikono, magoti. Akaniambia nifumbe macho, akapitisha pamba juu ya mguu.

"Unasikia?"

Nilitaka kudanganya nionekane mzima. Mama, aliyenisindikiza, akakohoa. Namjua: maana yake sema ukweli.

"Hapana, daktari. Kumekufa ganzi."

Akatabasamu! "Huo ugonjwa unaouogopa kwa kawaida hauondoi hisia. Unafanya kazi gani?"

"Nachambua samaki wa omena ufuoni Sori."

"Hebu nionyeshe unavyokaa."

Nikachuchumaa.

"Hivyo kutwa?"

"Kutwa."

"Basi umebana neva kando ya goti. Tafuta kigoda. Mguu utarudi pole pole."

Mama alicheza mpaka mkoba ukamwagika!

Nani mwingine amewahi kufurahia ganzi? Semeni.

Na Akinyi, dada yangu mpendwa: rudisha nguo zangu. Zote. Hata ile dera ulivaa jana kanisani ukilia.