Nilimfuta Mpiga Besi Kwenye Wimbo Wake Mwenyewe

Kosa ni langu. Nalisema mapema ili usije ukanionea huruma huko katikati, maana huko katikati nina mdomo mtamu, hata mke wangu husahau kunikasirikia. Hakuna shetani aliyenituma. Hakuna mtu aliyenilewesha. Nilikuwa na akili zangu zote, na ni hizo hizo zilizonidanganya.

Jina langu silitaji. Jueni tu kwamba mimi ni mwanamume wa miaka arobaini na moja, mzaliwa wa Kanyakine, nauza mbegu na dawa za mifugo mjini Meru, na wikendi napiga gita. Nilikuwa na bendi ya fanki, ule muziki wa Wamarekani weusi unaobebwa na besi. Ndiyo, fanki! Huku kwetu watu wanajua kwaya na benga, lakini mimi niliamua watacheza fanki wapende wasipende. Kwenye bendi nilitaka niitwe Kiongozi. Tulikuwa watu watatu, na hao wengine wawili nilikuwa nimewabembeleza mpaka wakachoka kukataa.

Mpiga besi wetu alikuwa Ireri, fundi wa stima kutoka Kiritiri, kule Mbeere. Alikuja Kanyakine kuweka nyaya kwenye kiwanda cha kahawa, Jumapili akaingia kanisani kwetu, akaona gita la besi limeegemezwa ukutani halina mwenyewe. Akaomba alijaribu. Mke wa mchungaji akamwambia, "Chukua tu, lakini polepole." Akapiga nyimbo mbili. Kutoka siku hiyo sikumwacha aende zake.

Sasa huo wimbo unaitwa "Kiatu Kimoja." Ulizaliwa hivi. Ilikuwa msimu wa mvua, na matope ya Kanyakine mnayajua. Ireri akitoka kazini kuja mazoezini, matope yakameza kiatu chake cha kushoto. Alikitafuta akachoka, akaja hivyo hivyo, mguu mmoja na kiatu, mwingine na soksi. Akitembea juu ya simiti unasikia ko, fya, ko... fya. Tulicheka mpaka mpiga dramu akakaa chini!

Ireri hakukasirika. Alichukua besi, akaanza kupiga vile alivyokuwa anatembea. Noti tatu zinaenda sawa, ya nne inachechemea, inafika imechelewa kidogo tu. Mimi nikaweka gita juu yake, nikatunga maneno ya mwanamume aliyerudi kutoka dansi na kiatu kimoja na hajui atamwambia nini bibi yake.

Mara ya kwanza tuliurekodi Meru, kwenye chumba nyuma ya kinyozi, ukuta umebandikwa trei za mayai. Mashine ya kunyoa ilikuwa inasikika ndani ya rekodi. Lakini wimbo ulitembea! Tulipoupiga kwenye harusi, nyanya mmoja aliweka mkoba wake chini, akaingia katikati ya uwanja, akacheza mpaka mchungaji akaangalia kando.

Miaka miwili baadaye tukaurekodi tena, mara hii Embu, kwa sababu Makena alikuwa ameingia kwenye bendi. Makena ni wa Mikinduri, na akiimba hahitaji maikrofoni. Alikuja na vesi yake ya Kimeru, jibu la yule bibi: kama kiatu kimoja kiko hapa, hicho kingine kiko chini ya kitanda cha nani? Basi wimbo uliokuwa wa mjinga mmoja ukawa ugomvi wa nyumba nzima. Wanaume wanaimba yangu, wanawake wanaimba yake, na wanawake ndio walikuwa wanashinda.

Siku hiyo niliona Ireri amepunguza noti zake. Nikamwuliza, "Mbona unapiga kidogo?"

Akasema, "Mwenye nyumba ameingia, Kiongozi. Si tumpishe?"

Mimi nilijibu kwa kuongeza sauti ya gita.

Mara ya tatu tulimleta mwalimu mmoja mstaafu na tarumbeta yake. Meno yalikuwa yameanza kumwacha, kwa hivyo noti alizoweza kupiga bila kuaibika zilikuwa tatu. Na hizo tatu, wasomaji wangu, ziliingia sawasawa kwenye ile nafasi ambayo besi ya Ireri ilikuwa inaiacha ikichelewa. Hakuna aliyepanga. Tuliangaliana tukacheka. Hata mimi nilijua kwamba kitu kizuri kimetokea, na kwamba hakijatoka kwangu.

Na hapo ndipo wivu uliponiingia. Niseme ukweli.

Tuliitwa kwenye redio, nikaenda peke yangu kama Kiongozi. Nilikuwa nimejiandaa kueleza kipaji changu. Mtangazaji akacheza wimbo, akatikisa kichwa, swali la kwanza: "Huyu wa besi ni nani?"

Nikasema, "Ni kijana wangu mmoja."

Kijana wangu! Ireri ananizidi mwaka mmoja! Wakati huo alikuwa amerudi kwao Kiritiri kumwangalia baba yake aliyekuwa mgonjwa, na alikuwa anasikiliza. Alinipigia simu jioni hiyo, akicheka. "Kiongozi, kumbe mimi ni kijana wako? Basi nitumie sukari." Tukacheka wote. Yeye alikuwa amesamehe kabla sijaomba. Mimi nilikuwa bado nawaza lile swali la mtangazaji.

Kwa hivyo nikaamua turekodi mara ya nne, kwa prodyuza mpya mjini Meru, mwenye kompyuta kubwa na kiti cha kuzunguka. Kila mmoja alikuja siku yake akapiga sehemu yake. Ireri alitoka Kiritiri asubuhi, akapiga, akarudi kwa mgonjwa wake. Wiki iliyofuata nikaenda peke yangu kusikiliza.

Prodyuza akanionyesha kwenye skrini ile milima-milima ya sauti. Akasema, "Mkubwa, huyu wako wa besi anachelewa. Ona hapa. Ona na hapa. Kila mara."

Nilijua. Mimi ndiye mtu pekee kwenye hicho chumba aliyejua kwamba hilo halikuwa kosa, kwamba huo ndio wimbo wenyewe. Ningesema neno moja tu!

Nikasema, "Ni kweli. Hata mimi imekuwa ikinisumbua."

Akamnyoosha. Alibonyeza vitu viwili vitatu, na Ireri akaacha kuchechemea. Halafu sauti ikawa kama ya mtu aliyemeza fimbo, kwa hivyo akapendekeza tuondoe besi kabisa tuweke ya kibodi. Nikakubali. Tarumbeta ya mwalimu ikawa haina pa kuingia, tukaiondoa pia. Paliposalia wazi nikajaza gita. Kwenye jina la mtunzi nikaandika langu peke yake. Na kwa vile kichwa kilikuwa kimeshavimba, nikamwambia prodyuza aniwekee hiyo kila mahali mtandaoni, zile za zamani azifute, eti watu wasichanganyikiwe. Faili zote nilikuwa nimempelekea azitunze. Akanijibu, "Zote?" Nikasema, "Zote."

Ireri alipopiga simu kuuliza kazi imefikia wapi, nikamwambia imekamilika na imetoka vizuri sana.

Tukafanya uzinduzi Jumamosi mchana, kwenye ukumbi wa kukodi Meru. Ireri alikuja na besi yake mgongoni na mama yake mkononi. Mama alikuwa amevaa kitambaa kipya cha kichwa. Aliniambia, "Baba yake hawezi kutoka kitandani, nimekuja nisikize kwa niaba yake." Nikamkalisha mbele kabisa! Mnaona mtu nilivyokuwa?

Tulikubaliana wimbo uchezwe kwanza kwenye spika, halafu tuupige wenyewe. Ukaanza. Mimi nikafunga macho, kama wafanyavyo wasanii. Nilipofungua, watu walikuwa wamekaa. Wengine walikuwa wanakula keki. Ireri alikuwa amesimama karibu na spika, kichwa kimeinama upande, kama mtu anayetafuta funguo zilizoanguka gizani.

Akaja kwangu. Akauliza kwa sauti ya chini, "Ndugu yangu, mimi niko wapi hapa?"

Na mimi, mbele ya Mungu, nikamjibu, "Uko ndani. Sikiliza vizuri."

Mama yake alikuwa amesikia. Akasema bila hasira, kama anayemsahihisha mtoto wa shule, "Hapana. Huyo si mtoto wangu. Mtoto wangu huwa anachelewa."

Ireri hakugombana. Alichukua besi yake, akamshika mama mkono, wakatoka. Makena alikuwa bado na maikrofoni. Akaniambia, "Leo ni yeye, kesho ni mimi. Asante, Kiongozi." Akaiweka kwenye kiti, naye akaenda. Mwalimu aliyekuwa amekuja na suti na tarumbeta iliyosuguliwa ikang'aa, alinitazama tu. Hilo jicho nadhani ndilo alilokuwa akitumia darasani, maana mpaka leo nikiliwaza nasimama wima.

Mtu mwenye akili angetubu papo hapo. Mimi nilirekodi mara ya tano, peke yangu! Niliimba sehemu yangu, nikaimba na ya Makena kwa sauti nyembamba, na mwishoni nikapiga gita bila kupumzika. Nilimpelekea mke wangu asikilize jikoni. Akamenya viazi vyote, akaosha, akabandika, wimbo bado unaenda. Akaniuliza, "Baba Kendi, hii kitu inaisha saa ngapi?"

Watu wakawa wananipigia simu za harusi. Nafurahi, halafu wanasema, "Lakini tunataka ile ya zamani." Ile ya zamani ndiyo niliyoifuta. Nilienda kwa prodyuza nikamwomba atafute hata kipande. Akazungusha kiti chake, akasema, "Mzee, si ulisema zote?" Nilikaa ndani ya duka langu siku nzima katikati ya magunia ya mbegu, na mteja alipouliza dawa ya kupe nikampa ya minyoo.

Baba ya Ireri alifariki mwaka huo. Sikwenda mazishi. Niliogopa. Hilo, kati ya yote niliyoandika hapa, ndilo linaloniamsha.

Ulipita mwaka mwingine ndipo nikaenda Kiritiri. Nilimkuta Ireri kwenye duka la posho, anatengeneza mota ya mashine ya kusaga. Aliniona, akapangusa mikono, akanitolea kiti. Nilikuwa nimekariri hotuba ya msamaha njia nzima, lakini nilipokaa nikasema tu, "Nilikufuta. Si kompyuta, si prodyuza, ni mimi. Nilikuonea wivu."

Halafu akasema, "Unajua iliyoniuma ni gani? Si jina. Jina weka lako, weka la mbuzi wako. Ni vile uliniambia nisikilize vizuri. Kwa sababu mimi nilikuamini. Nilirudi nyumbani nikasikiliza wiki nzima. Asubuhi nasikiliza, jioni nasikiliza. Nilifikiri masikio yangu yameharibika. Mpaka mzee akaniambia kutoka kitandani, 'Wewe, wacha kujitafuta. Haumo.'"

Nililia, wasomaji. Unga wa mahindi ukanishika usoni, nikawa kama keki ya harusi. Mwenye duka akaniletea maji akidhani ni pumu.

Ireri akaniambia amenisamehe zamani, alikuwa anangoja tu nije. Kisha akasema wanaurekodi tena Ijumaa, Embu, yeye na Makena na mwalimu. Wameubadilisha. Makena ndiye anaanza sasa, na kuna vesi ya Kimbeere, ya mama aliyekuwa akisikia ule ugomvi kutoka nyumba ya pili. Mama yake mwenyewe ndiye aliyeitunga.

Nikajikaza. "Gita?"

"Kuna dada mmoja wa kanisa anapiga. Anapiga kidogo, vizuri." Akaniangalia akaona nilivyonywea. "Lakini tumekosa mtu wa makofi."

Nilienda. Kiongozi mzima, nikasimama nyuma ya wote, mikono mitupu. Fundi wa sauti alinisimamisha mara nne. "Mzee wa makofi, unawahi!" Makena alicheka mpaka akajifuta machozi, na sikujua kama ananicheka au ananirudisha nyumbani, lakini nilimshukuru. Mara ya tano Ireri akaniambia, "Usihesabu. Angalia goti langu." Nikaangalia goti lake wimbo mzima. Kwa mara ya kwanza maishani nilipiga muziki bila kujisikia mimi.

Wimbo umetoka. Kwenye orodha ya majina niko wa mwisho, neno moja tu mbele yangu: makofi. Msichana wangu Kendi aliwasomea majirani orodha yote kwa sauti, mpaka hapo. Nilimwacha asome.

Basi wewe uliye na bendi, au kwaya, au hata kikundi cha akina mama cha kusuka vikapu, nisikilize mimi niliyeaibika tayari. Mtu akifanya jambo tofauti na wewe, muulize kwanza kama amekosea. Muulize yeye, usiulize mashine. Na kama umeshamfuta mtu, mwendee sasa hivi, baba yake akiwa bado hai, ili siku ya mazishi uweze kusimama pale pamoja na wengine ukishika sepetu.