Choa Chini ya Poda

Kwa miaka kumi na tisa Lorna Hruska amesafisha kwa jiki mikeka ya mieleka katika shule ya mji wao mdogo huko Iowa, na hajatokea kocha wa kumshinda kelele. Kanyaga mkeka na viatu vya nje uone! "We! Hapa ni zizi la ndama?" Watoto walimwita Mama Jiki, naye alijua, wala hakununa. Aliwakazania waoge mara tu watokapo mazoezini, kila mtu na taulo lake, nguo zifuliwe kila siku. Alishaona choa kikiingia na mtoto mmoja, kikaenea timu nzima, kikawafuata wadogo zao hadi vitandani.

Basi asubuhi ya mashindano ya wilaya, theluji imefika magotini, aliingia chumba cha kubadilishia nguo kumsuka bintiye, Tessa, aliyekuwa apigane siku hiyo. Akaona nyuma ya shingo pana rangi isiyo ya ngozi. Akapitisha kidole. Poda! Chini yake duara jekundu, limechubuka.

"Umefanya nini hapa?"

"Mama, polepole, watasikia."

"Nimekuuliza umefanya nini."

"Nimelisugua na msasa kidogo, halafu nikapaka jiki. Si wewe unasema jiki inaua kila kitu?"

Loo, Lorna alitamani ardhi ipasuke. Jiki ya sakafu, kwenye shingo ya mtoto! Miaka yote ile amepiga kelele kuhusu mikeka, na hakuwahi kusema kwamba choa kina dawa yake ya kupaka, na kwamba si aibu kukionyesha mapema.

Nje ya chumba foleni ya ukaguzi wa ngozi ilikuwa imeanza. Atakayeonekana na choa ambacho hakijapona hapigani. Tessa alikuwa mwaka wa mwisho, na leo kocha wa chuo kikuu alikuwa amekuja kumwangalia yeye.

"Ukisema, nimekwisha," Tessa alinong'ona. "Ukinyamaza, nani atajua?"

Lorna alimpenda mtoto huyu kupita kiasi, na kwa muda alitaka kabisa kunyamaza. Lakini huko nje kulikuwa na binti wa watu, hata jina hakumjua, ambaye angekumbatiana na shingo hii dakika sita kisha akarudi nyumbani kumbeba mdogo wake. Akalowesha kitambaa, akafuta poda yote. Tessa hakumzuia. Alilia tu.

"Nenda ukajionyeshe hivyo hivyo, mwanangu."

Mkaguzi alitazama mara moja, akatikisa kichwa. Kocha wao alimpita Lorna bila hata salamu.

Ndani ya gari, Lorna naye alishindwa kujizuia, machozi yakamtoka. "Nichukie tu. Una haki."

"Sikuchukii." Tessa alichezea zipu ya koti. "Mama, ule msasa ni wa rafiki yangu Britta. Naye ana choa, tumboni. Amepaka poda kama mimi, na amepita ukaguzi. Anapanda mkekani sasa hivi."

Lorna akashika kitasa cha mlango.

"Wewe kaa," Tessa akasema. "Wewe wameshakuzoea, hawatakusikiliza. Naenda mimi."

Akashuka, akaufunga mlango, akarudi ndani kumtafuta rafiki yake.