Pikapu Isiyozimwa

Yotham hakuwa mtu wa kutulia. Tangu ushirika wa mazao ulipofunga ghala lake la Kibakwe na yeye, karani wa mizani, kuambiwa aende nyumbani, alikuwa akizunguka vilimani kama mtu aliyepoteza mbuzi. Redio ilikuwa imetangaza soko huria: kila mkulima auze anakotaka, kwa bei anayoitaka. Maneno matamu. Lakini mkulima wa Kibakwe ataifikia wapi hiyo bei, naye hana hata mkokoteni? Basi dalali alikuja na lori lake na magunia yake, akasimama na kusimamia mpaka gunia lijazwe lumbesa, mahindi yapande juu ya mdomo wake na kushonewa kofia ya kamba, halafu akalipa kama gunia la kawaida. Watu walinung'unika, wakajaza.

"Huria ya nani hii?" Yotham aliuliza kila alipokuta watu wawili wamesimama. "Huria ya kuporwa mchana?"

"We mwenye maneno, nunua gari basi utubebee," Paskazia alimjibu. Huyu alikuwa jirani yake, mjane mwenye shamba zuri la mahindi na ulimi usioogopa mtu. Alisema kwa mzaha, akainama kuendelea kupalilia. Yotham hakuusikia huo mzaha. Alisikia gari.

Gari la kuuzwa lilikuwepo moja tu pale juu, na lilikuwa la mkwe wake, Mzee Yoramu, baba wa mkewe Loisi. Ilikuwa pikapu ya dizeli iliyotumika kwenye mradi wa visima kabla ya kuuzwa mnadani. Ilikuwa imetembea mpaka kidude cha kuhesabia kilomita kikamaliza namba zake zote na kuanza upya. Yotham alikuwa na leseni. Dereva wa lori la ushirika ndiye aliyemfundisha. Kuendesha aliweza. Vilivyokuwa chini ya boneti, kwake vilikuwa kama matumbo ya tembo.

Kwa hiyo alimwita fundi kutoka Mpwapwa aje kuikagua. Walimkuta Mzee Yoramu ameketi barazani, fimbo magotini.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mkwe wangu. Na huyu uliyefuatana naye?"

Yotham akamtazama fundi, kisha mkwe wake. Mtu alikupa binti yake, akala ng'ombe wako, mkaheshimiana. Leo umfunulie boneti mbele ya macho yake, umpekue kama polisi? Huko ni kumwita mwongo nyumbani kwake mwenyewe.

"Huyu... ni mgeni wangu, baba. Anapita tu."

Fundi akapewa uji, akanywa, akaaga, akarudi Mpwapwa bila kugusa hata tairi.

Pikapu ilikuwa imeegeshwa pua ikitazama bondeni, jiwe limewekwa chini ya gurudumu. "Toa jiwe," mzee akamwelekeza, "achia breki. Ikishateremka, tia gia ya pili, achia klachi. Itaitika yenyewe. Dizeli haipendi kulazimishwa."

Ikaitika, kwa wingu la moshi mweusi lililowafukuza kuku. Yotham akaamini kwamba ndivyo dizeli zote zinavyowashwa. Na Kibakwe, ambako hata uwanja wa kanisa una mteremko, nani angemwambia vingine? Ng'ombe wake waliobaki wakahamia zizi la mkwe, naye akawa mwenye gari.

Mavuno yalipokauka, Paskazia na wanakijiji wenzake walipakia magunia yao, yamejazwa mpaka mdomoni na kufungwa hapo hapo, bila kofia. Waliahidiana kwamba safari hii hakuna lumbesa. Mahindi yangekwenda mpaka sokoni Kibaigwa, kwenye barabara kuu, yauzwe kwa wenye malori wenyewe. Paskazia alipanda na mzigo awe shahidi wa wote.

"Ukitupoteza, Yotham," mzee mmoja alimwambia dirishani, "mwakani tutajaza lumbesa mpaka kwenye mito ya kulalia."

Walipofika Mpwapwa, Yotham alisimama kununua dizeli kidogo, akazima injini. Mahali pale palikuwa tambarare. Akageuza ufunguo, kitu kikalia "tik", basi. Akageuza tena. Tik.

"Staata imekufa kitambo hii," mwuza mafuta akasema huku akicheka. "Ulikuwa unawashaje, na maombi?"

Wakasukumwa na wapita njia mpaka ikawaka. Tangu hapo Yotham aliogopa hata kupunguza mwendo. Mbele yake uwanda wa Kongwa ulikuwa umenyooka kama mkeka, hauna hata kichuguu cha kumfaa.

Waliingia Kibaigwa jua limeshapanda. Aliegesha kati ya malori na kuiacha injini ikinguruma, mguu wake mmoja ndani, mmoja nje. Alijibu watu bila kuwatazama. Masikio yake yalikuwa kwenye injini. Ikififia kidogo, anarukia kiti na kukanyaga mafuta. Mshale wa dizeli ulikuwa unalala.

Dalali mmoja, Yahaya, alimtazama kwa muda, kisha akaja taratibu, mikono mfukoni.

"Vipi, kaka, mbona huzimi gari? Unaenda kuzima moto?"

"Niko sawa."

"Hauko sawa. Mtu wa haraka huyu," akawageukia wenzake, "mpeni bei ya haraka!" Wakacheka. Akataja bei ya aibu, na kuongeza, "Tena myafungue hayo magunia, myajaze lumbesa. Hapa hatununui magunia yenye kipara."

Yotham alitazama mshale. Alimtazama Paskazia, aliyekaa juu ya mzigo, kitenge kimejaa vumbi. Mdomo wa Yotham ukaanza kufunguka kusema, "Haya, chukua."

"Unataka kumwambia nini?" Paskazia akamwuliza kutoka juu. "Zima hicho kitu, Yotham. Kinatusemea vibaya."

"Nikizima haitawaka!"

"Isiwake. Mimi sikuja kuuza gari."

Akazima.

Ukimya ulikuja kama ndoo nzito imetuliwa kichwani. Yahaya akangoja, hakuna aliyemkimbilia. Paskazia alifungua karanga zake, akatafuna, akamrushia na Yahaya.

"Kula, kaka. Sisi tupo."

Mchana mwenye lori mmoja wa Morogoro, Imrani, alikuja kuuliza mwenyewe hayo magunia yasiyo na kofia ni ya nani. Akatia mkono, akang'ata punje, akaleta mizani. Walibishana sana, wakacheka, wakakubaliana, kilo kwa kilo.

Kuondoka ndiko kulikuwa vita. Yotham alitia dizeli ya kidumu, wabebaji wa Imrani wakasukuma. Pikapu ikakohoa, ikagoma, ikakohoa, ikawaka. Yotham hakuthubutu kusimama hata kushukuru. Alizunguka soko huku Paskazia akikimbia nyuma, kitenge mkononi, mpaka watu wakamrusha ndani kama gunia.

"Lumbesa hiyo!" Yahaya akapiga kelele.

Waliporudi Kibakwe, Mzee Yoramu alikuwa amesimama njiani. "Inakwendaje gari, mkwe wangu?"

"Inakwenda, baba."

Yotham aliigeuza pikapu, pua bondeni, akasukumia jiwe chini ya gurudumu, na kabla Paskazia hajajikung'uta vumbi akawa ameshaanza tena:

"Umeliona lile tuta la barabara kuu kule Kibaigwa, pale kwenye kalvati? Kesho kutwa tunaegesha pale juu, pua ikitazama chini. Waambie wapakie."